Damu ya Kitovu: Mbegu Inayotupwa Shimoni

Natumaini mitihani ya muhula huu haijakukausha damu. Nimetaja damu makusudi, kwa maana ndiyo niliyoazimia kukuzungumzia. Tena si damu hivi hivi tu, bali ile inayobaki ndani ya kamba ya kitovu na kondo la nyuma baada ya mama kujifungua.

Kwa watu wetu wengi kitovu si kitu cha mchezo. Muulize mzee kwao ni wapi, atakujibu kuwa ni pale kitovu chake kilipozikwa. Nyanya yangu huniambia kwamba zamani mtoto alipozaliwa, kondo lilizikwa karibu na nyumba, na mkunga alihakikisha mbwa hafiki mahali hapo. Siku hizi akina mama wengi hujifungulia katika hospitali na vituo vya afya, na huko nyuma ya majengo kuna shimo lenye kifuniko cha saruji liitwalo shimo la kondo. Kamba na kondo hutupwa humo, au huchomwa katika tanuri la taka, na habari yake ikaisha. Kumbe katika kondo hilo hubaki kiasi cha damu ambacho huko Paris, New York na kwingineko kimewaponya watu waliokuwa wamekata tamaa kwa sababu ya saratani ya damu!

Ili tuelewane, hebu turudi kidogo katika somo la bayolojia. Kidato cha pili tulisoma kuwa damu ina chembe nyekundu zinazobeba hewa ya oksijeni, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe sahani zinazoigandisha damu unapojikata. Chembe hizi hazidumu. Chembe nyekundu huishi kwa siku 120 hivi, na chembe sahani kwa siku kumi tu au hata pungufu. Kwa hiyo lazima mwili utengeneze nyingine kila siku bila kupumzika. Kiwanda chenyewe ni uboho, yale majimaji mazito yaliyo ndani ya mifupa ambayo sisi tukila nyama ya mifupa tunayafyonza kwa raha zetu. Ndani ya uboho kuna seli chache sana zinazoitwa seli shina. Hizi ndizo mbegu. Seli shina moja inaweza kujigawa na kuzaa chembe za damu za aina zote, na pia kuzaa seli shina nyingine kama yenyewe ili mbegu isiishe ghalani. Wanasayansi wawili wa Toronto, James Till na Ernest McCulloch, ndio walioonyesha jambo hili kwa kutumia panya mwaka wa 1961.

Saratani ya damu ni magugu katika shamba hilo. Chembe moja changa huharibika katika maagizo yake ya ndani, ikaanza kuzaana ovyo bila kukomaa wala kufanya kazi. Magugu hujaa ubohoni mpaka mazao mazuri yakakosa nafasi. Mgonjwa hukosa chembe nyekundu, akawa hana nguvu na viganja vyake vimepauka. Hukosa chembe nyeupe zilizo nzima, akashikwa na homa kila mara. Hukosa chembe sahani, akatokwa na damu puani na kwenye ufizi bila kugongwa na mtu. Ugonjwa huu ukianzia ubohoni namna hiyo huitwa lukemia. Kuna pia limfoma, ambayo hushika tezi, na mailoma, ambayo huwapata zaidi watu wazima.

Dawa za saratani ni kama kupalilia kwa sumu. Zinaua magugu, lakini pia zinaunguza miche. Kwa watoto wengi wenye lukemia dawa peke yake hutosha, hasa katika nchi ambako dawa hazikosekani na mgonjwa haachi matibabu katikati. Taabu huja pale ugonjwa unaporudi. Hapo daktari anatamani kumwaga sumu nyingi kabisa, hata ikibidi kuteketeza shamba lote, lakini akifanya hivyo mgonjwa atabaki bila kiwanda cha damu na atakufa. Suluhisho ni kuteketeza halafu kupanda upya kwa mbegu za mtu mwingine. Huku ndiko kupandikiza uboho, kazi iliyompatia daktari E. Donnall Thomas wa Marekani tuzo ya Nobel mwaka wa 1990. Usidhani ni upasuaji wa kutisha. Seli hizo huingizwa kwenye mshipa kwa mrija, sawa kabisa na mtu anayeongezewa damu, nazo zenyewe hujua njia ya kufika mifupani. Mimi nilipolisoma jambo hilo nilishangaa kuliko yote.

Sasa swali ni hili: mbegu zitoke kwa nani?

Katika mtaa wetu kuna msichana wa gredi ya sita ambaye lukemia yake ilirudi baada ya matibabu ya kwanza. Mwaka jana tulifanyiwa tangazo kanisani, ikaandaliwa harambee ili apelekwe India kupandikizwa uboho. Watu walitoa, wa kuku akatoa kuku, wa mia akatoa mia. Kabla ya safari kaka zake wawili walipimwa damu ili ijulikane nani atampa uboho. Majibu yakaja kwamba hakuna hata mmoja anayelingana naye. Wanawake wengine pale mtaani walianza kunong'ona ati pengine hawa watoto si wa baba mmoja. Maneno hayo yaliniuma sana, kwa hiyo nataka kuyajibu hapa kwa hesabu.

Juu ya seli zetu kuna alama zinazoitwa HLA. Unaweza kuziita kitambulisho cha seli. Askari wa mwili, yaani chembe nyeupe, hukagua kitambulisho hiki ili kujua nani mwenyeji na nani mgeni. Kila mtu ana seti mbili za alama, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Tuseme baba ana seti A na B, na mama ana C na D. Mtoto anaweza kuwa AC, AD, BC au BD, basi. Kama mimi ni AC, kila ndugu yangu ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa AC vile vile. Kwa hiyo ukiwa na ndugu wawili, uwezekano kwamba wote wawili hawalingani nawe ni robo tatu mara robo tatu, yaani 9 kati ya 16. Ni zaidi ya nusu! Kaka wawili kutolingana na dada yao ni jambo la kawaida kabisa kuliko kulingana naye, hata kama wote ni wa baba mmoja na mama mmoja. Somo la jenetiki linatungoja kidato cha nne, lakini laiti lingefundishwa mapema kidogo, majirani wangepunguza ndimi.

Ndugu wakikosekana, madaktari hutafuta katika daftari la wafadhili. Nchi nyingi zina madaftari ya watu waliojitolea, wakapimwa alama zao na kuahidi kutoa uboho wakiitwa. Afrika Kusini wana daftari lao tangu 1991. Walakini daftari hizi kubwa zimejaa watu wa Ulaya na Marekani. Mwaka wa 2014 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu ya daftari la nchi yao. Mzungu mwenye asili ya Ulaya alikuwa na uwezekano wa asilimia 75 wa kupata mtu anayelingana naye kikamilifu. Kwa watu weusi asilimia hiyo ilikuwa kati ya 16 na 19 tu. Sababu ni mbili. Kwanza weusi walioandikishwa ni wachache. Pili, Afrika ndiko binadamu walikoanzia, kwa hiyo alama zetu zina aina nyingi mno kuliko za watu wa mabara mengine. Unaweza kuwa na jirani wa kabila lako, wa ukoo wako hata, na bado vitambulisho vya seli zenu visifanane.

Hapa ndipo damu ya kitovu inapoingia.

Mtoto akiwa tumboni hatengenezi damu ubohoni tangu mwanzo. Mwanzoni kabisa damu hutengenezwa katika kifuko kidogo kilicho kando ya kiinitete, kisha kazi inahamia kwenye ini, na mwishowe ndipo inahamia mifupani. Wakati wa kuzaliwa seli shina nyingi bado zinasafiri katika damu. Ni kama watu wanaohama nyumba, utawakuta njiani na mizigo yao. Damu inayobaki katika kitovu na kondo imejaa wasafiri hao. Mwanasayansi Hal Broxmeyer wa Indiana, Marekani, ndiye aliyeongoza utafiti wa kuonyesha kuwa damu hiyo inaweza kukusanywa, ikagandishwa na baadaye ikatumika.

Jaribio la kwanza kwa binadamu lilifanywa mwezi wa Oktoba 1988. Kulikuwa na mvulana wa miaka mitano kutoka North Carolina, Marekani, aliyekuwa na ugonjwa wa kurithi uitwao anemia ya Fanconi. Huu si saratani, lakini unaua kiwanda cha damu na mara nyingi huzaa lukemia. Mama yake alikuwa mjamzito, na vipimo vilionyesha kwamba mtoto aliye tumboni ni mzima na alama zake zinalingana na za kaka yake. Alipozaliwa msichana, damu ya kitovu chake ilikusanywa, ikapelekwa katika maabara ya Broxmeyer na kugandishwa. Kisha ikasafirishwa kwa ndege hadi Paris, kwa daktari Eliane Gluckman wa hospitali ya Saint-Louis. Walimchagua yeye kwa sababu alikuwa amebuni njia ya kuwatayarisha wagonjwa wa Fanconi kwa dozi ndogo ya dawa, maana miili yao haivumilii dozi ya kawaida. Seli za dada zilishika mizizi. Yule mvulana alikua, akawa mtu mzima. Na hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo: mvulana aliyepandikizwa seli za dada yake, ukiipima damu yake utakuta seli zenye kromosomu XX, kama za msichana, ilhali ngozi yake na viungo vingine ni XY. Hata kundi la damu la mgonjwa hubadilika likawa la aliyempa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Pablo Rubinstein alianzisha benki ya damu ya kitovu ya umma huko New York mwaka wa 1992, ambako akina mama walitoa damu hiyo bure kwa mgonjwa yeyote wa dunia. Mwaka wa 1993, Joanne Kurtzberg wa chuo kikuu cha Duke, North Carolina, alimpandikiza mtoto mwenye lukemia damu ya kitovu ya mtoto asiyehusiana naye kamwe. Kufikia 1996 alikuwa na wenzake wamechapisha habari za wagonjwa 25 wa namna hiyo. Tangu 1988 hadi sasa wagonjwa zaidi ya 40,000 duniani wamepandikizwa damu ya kitovu.

Pengine unajiuliza, damu hii ina nini ambacho uboho wa mtu mzima hauna? Jibu liko katika utoto wake. Katika kupandikiza seli za damu kuna hatari ya pande mbili. Mwili unaweza kuwakataa wageni. Lakini pia wageni, ambao ndio askari wapya, wanaweza kumgeukia mwenyeji wakaanza kuishambulia ngozi yake, ini na matumbo. Bila shaka unakikumbuka kisa cha ngamia aliyeomba kuingiza pua tu hemani, mwishowe akamtoa Mwarabu nje. Ndivyo ilivyo. Askari wa mtu mzima wamekwisha kupigana na mafua, malaria na maradhi mengine mengi, ni wakali na wanajua kushuku. Askari wa damu ya kitovu hawajawahi kuona vita. Wakikuta kitambulisho kisichofanana sana na chao, hawakimbilii silaha haraka. Kwa sababu hiyo uboho wa mtu asiye ndugu hutakiwa ulingane alama zote 8 kati ya 8, lakini damu ya kitovu imekubaliwa hata ikilingana 4 tu kati ya 6.

Tofauti hiyo ya hesabu inaonekana ndogo, ila matokeo yake ni makubwa. Utafiti ule ule wa 2014 ulionyesha kwamba ukihesabu damu ya kitovu iliyolingana kwa kiwango hicho, karibu wagonjwa wote wa chini ya miaka 20, wawe weusi au weupe, wangeweza kupata angalau mfuko mmoja. Kutoka asilimia 18 hadi zaidi ya 90! Na mfuko wenyewe uko tayari barafuni. Huhitaji kumtafuta mfadhili aliyehama mji au aliyebadili nia.

Kukusanya damu yenyewe hakuna maumivu kwa mama wala kwa mtoto, kwani kamba ya kitovu haina mishipa ya fahamu. Kamba ikishabanwa na kukatwa, mkunga huingiza sindano katika mshipa mkubwa wa kamba, na damu ikatiririka hadi mfukoni kwa dakika chache. Hupatikana mililita 100 hivi, yaani thuluthi ya chupa ya soda ya mililita 300. Hupimwa kama ina virusi vya ukimwi, homa ya ini na maambukizi mengine, huhesabiwa seli zake na kusomwa alama za HLA. Kisha huwekwa katika naitrojeni ya majimaji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Broxmeyer na wenzake walishafungua mifuko iliyokaa zaidi ya miaka 20 wakakuta seli bado ni hai.

Nisije nikaonekana ninauza dawa ya kienyeji sokoni, acha niseme na ubaya wake. Shida kubwa ni uchache. Kipimo kinachotumiwa sana ni seli milioni 25 kwa kila kilo ya mgonjwa. Yule msichana wa mtaani kwetu ana kilo 32, kwa hiyo angehitaji seli milioni 800, na mfuko mmoja mzuri ungemtosha. Lakini mtu mzima wa kilo 70 anahitaji milioni 1,750, na mifuko mingi haifikishi hapo. Madaktari wa Minnesota walianza kuwapa watu wazima mifuko miwili ya watoto wawili tofauti. Ajabu ni kwamba baada ya muda mfuko mmoja hushinda na seli za ule mwingine hutoweka.

Uchache huo unaleta shida ya pili, nayo ni kungoja. Baada ya shamba kuteketezwa, mgonjwa hukaa bila chembe nyeupe mpaka mbegu zichipue. Kwa damu ya kitovu huchukua wiki tatu, nne hivi, muda mrefu kuliko kwa seli za mtu mzima. Siku zote hizo mgonjwa yumo chumbani peke yake, kila anayeingia amenawa na kujifunika mdomo, na kidudu kidogo ambacho wewe na mimi kingetupa mafua tu kinaweza kumwua. Hata chembe nyeupe zikirudi, askari wale wasiojua vita huchukua miezi mingi kujifunza kazi. Katika muda huo mgonjwa huongezewa damu na chembe sahani mara nyingi mno. Damu hiyo ya kuongezewa haitoki Paris. Inatoka kwa watu wa hapo hapo alipo, na hapa Kenya mtu anaruhusiwa kutoa damu kuanzia umri wa miaka 16 akiwa na kilo 50, kwa hiyo lile gari la kukusanya damu linapokuja shuleni linatutafuta hata sisi wa kidato cha tatu.

Kuna kisa kimoja ambacho lazima nikitaje kwa kuwa kilifanya dunia nzima igeuze shingo. Mwanamke mmoja wa Marekani, mwenye asili ya mchanganyiko, alikuwa na virusi vya ukimwi na tena akapatwa na lukemia. Mwaka wa 2017 alipandikizwa damu ya kitovu huko New York, pamoja na seli za mtu mzima wa jamaa yake ili zimshikilie wakati seli za kitovu zikiota. Damu ile ya kitovu ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa na kasoro adimu ya kurithi, inayopatikana hasa kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, ambayo huzinyima seli mlango mmoja unaotumiwa na virusi kuingia. Mwezi wa Februari 2022 madaktari walitangaza kuwa lukemia imeondoka na virusi havionekani hata baada ya yeye kuacha dawa. Kama wangengoja uboho wenye kasoro ile na unaolingana naye kikamilifu, huenda wangengoja milele. Lakini tusidanganyane, hii si tiba ya ukimwi ya kila mtu. Kumteketezea mtu uboho wake ni hatari kubwa, na hakuna daktari atakayemfanyia hivyo mtu anayeishi vizuri kwa vidonge vyake vya kila siku.

Miaka hii ya karibuni damu ya kitovu imepata mshindani. Madaktari wa Baltimore walivumbua namna ya kutumia uboho wa mtu anayelingana nusu tu, kwa kumpa mgonjwa dawa iitwayo siklofosfamaidi siku chache baada ya kupandikiza, ili kuwapunguza wale askari wakali. Mzazi yeyote hulingana nusu na mtoto wake. Kwa hesabu yetu ya juu, mtoto wa AC ana A ya baba na C ya mama, kwa hiyo mfadhili yuko nyumbani tayari. Utafiti uliochapishwa 2021 ulilinganisha njia hii na ile ya mifuko miwili kwa watu wazima, na walionusurika walikuwa wengi zaidi upande wa uboho wa nusu. Ni njia rahisi pia kwa mfuko, maana mfuko mmoja wa damu ya kitovu kutoka benki za Marekani hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Hii ndiyo sababu madaktari wa yule msichana sasa wanampima mama yake. Kwa maoni yangu, kwa familia za kwetu njia ya mama ndiyo yenye matumaini ya karibu zaidi, hata kama makala haya yanaisifu damu ya kitovu.

Lakini damu ya kitovu nayo haijakubali kushindwa. Mwezi wa Aprili 2023 Marekani iliidhinisha tiba iitwayo omidubicel. Huchukuliwa mfuko mmoja wa damu ya kitovu, seli zake zikazidishwa maabarani, halafu ndipo apewe mgonjwa wa saratani ya damu mwenye umri wa miaka 12 au zaidi. Katika majaribio chembe nyeupe zilirudi kwa siku 12 badala ya 22. Siku kumi za kukaa bila kinga zikapunguzwa.

Msomaji anayetazama matangazo atakuwa ameona kampuni zinazowaambia wazazi waweke damu ya kitovu cha mtoto wao kwa malipo ya kila mwaka, ati ije imtibu mwenyewe akiugua. Hapa fungua macho. Kama mtoto akipata lukemia, damu yake mwenyewe ya kitovu huenda ikawa tayari ina mbegu ya gugu lile lile. Mel Greaves na wenzake wa London walionyesha katika miaka ya 1990 kuwa kwa watoto wengi hitilafu ya kwanza ya lukemia huanza wakiwa bado tumboni. Nani atapanda tena mbegu ambayo anajua ina magugu? Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri mwaka wa 2017 kwamba benki za umma ndizo bora, na benki ya binafsi iwe na maana tu pale ambapo tayari kuna ndugu mgonjwa anayeweza kusaidiwa, kama yule mvulana wa 1988.

Nilipowasomea wenzangu wa chama rasimu ya makala haya, msichana mmoja wa kidato cha kwanza aliinua mkono akauliza: je, mtoto mwenyewe haibiwi damu yake? Swali hilo lilinifanya nirudi kusoma tena. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto akizaliwa, kamba isibanwe mara moja bali ingojwe dakika moja hadi tatu, ili damu iliyo kwenye kondo imwingie mtoto na kumpa madini ya chuma ya kumlinda na upungufu wa damu kwa miezi yake ya kwanza. Ukingoja hivyo, damu inayobaki ya kukusanywa inapungua, na pengine mfuko usifikishe kipimo cha benki. Benki nzuri huheshimu jambo hilo. Mtoto hupewa zamu yake kwanza, kisha mkunga hukusanya kilichobaki, na mfuko ukiwa mwepesi hupelekwa kwa watafiti badala ya kuwekwa kwa ajili ya mgonjwa.